Kumi na Moja na Thumni

Haya niliambiwa na Awiti mwenyewe, mwezi wa Novemba mwaka wa hamsini na tisa, tukichuma kahawa katika shamba moja hapa Ruiru. Mvua ilikuwa imetukimbiza hadi kwenye banda la kupimia madebe, na kazi ikisimama watu hutoa yaliyo moyoni. Wenzetu walikuwa wanacheka mambo yao kando. Yeye akasema, "Mama Kagwe, wewe huniuliza habari ya mtoto wangu. Keti basi nikwambie. Lakini usinionee huruma, ukinionea huruma nitashindwa kumaliza."

Nikaketi. Nikamwambia sina haraka, na mvua pia haina.

Awiti ni Mjaluo, kwao ni upande wa Kisumu. Mume wake, Philip Odhiambo, miaka hiyo alikuwa boi wa mezani katika hoteli moja ya wazungu kule Thika. Kanzu nyeupe, mshipi mwekundu, miguu mitupu. Walikaa chumba kimoja nyuma ya hoteli, na mtoto wao alikuwa mmoja tu, msichana, jina lake Ajwang. Mambo ya Emajensi, ile vita ya Mau Mau, yalipochafuka huku kwetu, mwanzo wa hamsini na tatu, waliogopa, wakampeleka mtoto kwa mama yake Odhiambo, yule ambaye watoto wa nyumba ile wote humwita Dani, yaani nyanya. Ajwang alikuwa na miaka mitatu.

"Nilimwambia nitarudi mahindi yakikomaa," Awiti akaniambia. "Yakakomaa, yakaliwa, yakapandwa tena, na mimi niko hapa hapa."

Shida ilikuwa nauli. Mshahara wa Odhiambo ulikuwa na wenyewe kabla haujafika: ada ya mdogo wake, mabati ya nyumba ya Dani, chakula. Likizo ilikuja mara moja kwa miaka miwili, na ile ya hamsini na sita ililiwa yote na ada. Kwa hivyo tumaini lao likawa ni mkebe wa biskuti uliokaa chini ya kitanda.

Hoteli ile ilikuwa inapata wageni wa kila namna. Kulikuwa na Waitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara, na Wabelgiji wa Kongo waliokuja kupumzika mwezi wa Agosti, na Waamerika wa kuwinda. Sasa mgeni wa namna hiyo akimaliza kula, hakuachii shilingi. Shilingi ameinunua kwa pesa yake, anaionea uchungu. Anakuachia chini ya sahani ile pesa ya kwao, ya chuma, iliyobaki mfukoni na haimfai kitu huku. Odhiambo aliipokea kwa mikono miwili, akainama, akaenda kuiosha, akaitia mkebeni.

Karani wa mapokezi, Mkamba wa Ngoliba aitwaye Urbanus, alikuwa na akili ya pesa hizo.

"Odhiambo, hiyo faranga nipe, nikupe senti thelathini."

"Na wewe utaiuza ngapi?"

"Hiyo sasa unaniingilia jikoni."

Siku moja Odhiambo akapita na sinia mbele ya meza ya mapokezi, akaona mwenyewe. Mama mmoja Mbelgiji alikuwa anaondoka kurudi Kongo, anataka pesa ndogo za njiani. Urbanus akampa faranga, mama akampa thumni, yaani senti hamsini, kwa kila moja. Odhiambo alirudi nyumbani siku hiyo hata chai hakunywa.

"Senti ishirini juu ya mgongo wangu!" akamwambia Awiti. "Mimi ndiye ninayeinama, yeye ndiye anayekula. Hapana. Benki iko, na benki haina ujanja."

"Baba Ajwang, thelathini ni thelathini. Mpe achukue."

"Wewe umezoea kuuza ndizi, ikilala inaoza. Pesa ya nje haiozi. Hata bwana mkubwa, akitaka kwenda likizo kwao, kwanza anasoma gazeti aone pesa ya nani imepanda. Nimemwona na macho yangu. Anangoja. Na mimi nitangoja."

Akangoja. Kila mwezi Urbanus aliuliza, na kila mwezi alijibiwa vile vile, mpaka ikawa ni mchezo wao. Urbanus akimwona tu: "Habari ya benki yako ya chini ya kitanda?" Naye: "Iko salama, haijui Kikamba."

Januari ya hamsini na nane ikaja barua. Dani alikuwa amemwomba mtoto wa shule amwandikie: Macho yangu yanaisha. Moto siuoni vizuri, kisima sikioni. Njooni mchukue mtoto kabla sijamfanya yeye ndiye mlezi wangu. Likizo ya Odhiambo ilikuwa Februari. Awiti alisema barua ile waliisoma mara nyingi, na ingawa ilikuwa na habari mbaya, yeye aliimba akifua nguo. Angemwona mtoto.

Wakapiga hesabu. Nauli ya gari la moshi ya mtu mzima waliweka shilingi kumi na nne kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Watu wawili ni hamsini na sita. Mtoto nusu, wakati wa kurudi tu, ni saba. Jumla sitini na tatu, kabla hujanunua hata sukari, na huwezi kwenda kwa mama aliyekulelea mtoto miaka mitano ukiwa mikono mitupu. Ndani ya nyumba, pamoja na pesa ya likizo, kulikuwa na thelathini na mbili.

Odhiambo akamwaga mkebe kitandani. Chuma mia tatu na kumi na mbili. "Hata tukihesabu kwa senti za yule mwizi wa Ngoliba," akasema, "hapa kuna shilingi tisini na zaidi. Na benki itapita hapo."

Alivaa shati jeupe, akaenda benki pale Thika mjini, akapanga mstari tangu mlango haujafunguliwa. Alipofika dirishani akaweka mkebe juu. Karani, kijana wa Kihindi mwenye miwani, akafungua, akachungulia, akafunga.

"Karatasi iko wapi?"

"Karatasi gani? Hizi ni pesa za Kongo, za Italia, za Amerika, zote ziko."

"Mzee, pesa ya nje tunachukua noti tu. Chuma hatuchukui. Nani atalipa meli ibebe chuma mpaka Italia?"

"Na kama ningengoja ipande?"

"Noti inapanda. Hii haipandi, haishuki. Tafadhali, kuna watu nyuma."

Odhiambo hakuamini. Alikwenda benki ya pili, akaambiwa hayo hayo kwa sauti kali zaidi. Akatoka akakaa kwenye ngazi na mkebe mapajani, mpaka askari akamwambia asogee.

Basi ikabidi amwendee Urbanus. Hilo ndilo lililomuuma kuliko benki. Alimkuta mezani anapiga mihuri.

"Bwana Urbanus, ile bei yako bado iko?"

Urbanus akamtazama, kisha akacheka, lakini Awiti anasema hakucheka kwa ubaya. "Leo mimi si mwizi tena?"

"Nisamehe. Mtoto wangu anangoja."

"Ndugu yangu, ningechukua. Lakini utaniuzia nimuuzie nani? Waitaliano wamemaliza barabara, wameenda na lori zao. Wabelgiji ni Agosti. Hizi pesa zilikuwa na bei kwa mtu anayerudi kwao, siku ile anarudi. Mimi nilikuwa nachukua tatu, nne, namngoja mtu mmoja. Sasa wewe umeniletea za miaka mitano siku moja." Akafungua mkebe, akachagua faranga sita, akampa shilingi mbili. "Hizo nitakaa nazo. Zingine sina wa kumuuzia."

Kisha akamwambia kuwa Ruiru kuna sonara, Muhindi mzee anayetengeneza bangili, huyo hununua fedha halisi. Labda kati ya zile chuma kuna zilizo na fedha.

Odhiambo alikwenda kwa miguu, Thika mpaka Ruiru, ili asipunguze hata nauli ya basi. Pale mlangoni sonara alimkaribisha kiti, akatandika kitambaa, akaanza kuzichambua moja moja. Aligonga kila moja juu ya jiwe, akasikiliza.

"Hii lira. Madini ya sufuria." Akaitupa kando. "Hii lira, sufuria. Hii ya Ufaransa, sufuria vile vile. Hii shaba, lakini kidogo sana. Mzee, umekusanya jiko zima."

"Angalia tu, baba. Ziko za Amerika."

Zikapatikana. Chuma tano za Amerika na moja kubwa ya Habeshi, yenye sura ya mama mnene. Hizo alizipima kwa mizani ndogo. Akasema shilingi tisa. Odhiambo akasema ishirini. Sonara akasema tisa na thumni. Odhiambo akamweleza habari ya mtoto, na ya macho ya Dani, na kwamba ametembea. Yule mzee akavua miwani, akaifuta, akasema, "Mimi pia nina mjukuu. Lakini fedha haijui. Kumi na moja na thumni, hiyo mbili juu ni ya mjukuu wangu. Hakuna Muhindi atakupa zaidi, hata Nairobi."

Odhiambo akachukua hizo shilingi. Zile za sufuria aliziacha pale kitambaani. Kumbe shilingi mbili za Urbanus alikuwa ameziweka kwenye kiatu cha kuazima, na kwa sababu kiatu kilimbana alikivua njiani, na zikapotea asijue ni wapi. Awiti alipofika hapo alikunja nguo yake iliyolowa. Hakumlaumu mume wake. Alisema tu, "Alipoingia nilijua. Mtu mwenye pesa hafungui mlango hivyo."

Thelathini na mbili na kumi na moja na thumni ni arobaini na tatu na thumni. Watu wawili haiendi. Awiti akazunguka kukopa, lakini Februari kahawa ilikuwa imekwisha, na kila mama aliyemwendea alikuwa naye anatafuta wa kumkopa. Hotelini pesa ya likizo ilikuwa imekwisha kutolewa, ndiyo ile iliyomo katika hizo thelathini na mbili.

"Basi niende mimi," Awiti akasema.

Odhiambo akafikiri sana. "Mama Ajwang, wewe ni mke wa boma lile. Utaingiaje kwa mama yangu umwambie nipe mtoto? Atasema umekuja kumpokonya. Anayeomba ni mwana. Mimi nikisema, hatakataa."

Na kweli, ndivyo ilivyo desturi, hata kwetu Wakikuyu tungesema hivyo hivyo. Awiti akakubali. Thelathini na tano zikawa nauli, nane na thumni zikanunua leso ya Dani na sukari, na kidogo cha njiani. Alimsindikiza mumewe mpaka stesheni ya Thika. Siku kumi zilizofuata alisafisha chumba mpaka jirani wakamcheka: "Awiti, unamngoja Gavana?"

Siku ya kumi na moja alikuwa stesheni tangu asubuhi. Gari la moshi likaingia. Aliniambia kuwa alimsalimu kila mtoto wa kike aliyeshuka, hata mmoja wa Kihindi, kwa sababu hakujua tena wake ana sura gani. Kisha akamwona Odhiambo, peke yake, ana kikapu cha njugu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Twende nyumbani kwanza."

"Yu hai?"

"Yu hai. Ni mzima. Twende nyumbani."

Walipofika, akakaa kitandani na kanzu ya safari, akamweleza. Dani alimpokea vizuri, akampa samaki, akamshika uso mzima kwa vidole ili amwone. Leso aliipokea. Kisha akauliza, "Wewe nimekuona, mwanangu. Mama ya mtoto yuko wapi?" Odhiambo akaeleza habari ya nauli. Dani akasikiliza mpaka mwisho.

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Miaka mitano kila jioni huyu mtoto ananiuliza, na mimi namjibu, mama yako atakuja akuchukue. Sikusema baba. Nikimtoa leo nitakuwa nimemdanganya miaka mitano. Na mtoto wa kike simtoi usiku kwenye gari la moshi na mwanamume peke yake, hata akiwa baba yake. Mama yake aje, hata kwa siku moja, nitamkabidhi.' Nilimsihi, Mama Ajwang. Nililia mbele ya mama yangu. Macho yake hayaoni, masikio yanasikia, na hakubadilika."

"Na mtoto?"

"Alisimama nyuma ya Dani. Nilipomwita, akaangalia nyuma yangu, kule njiani. Akaniuliza wewe umebaki wapi."

Odhiambo akatia mkono mfukoni, akaweka shilingi saba juu ya kitanda. Ilikuwa nauli ya mtoto, haikutumika. Awiti aliziangalia, hakuzigusa. Za kumpeleka yeye hazikuwapo, na likizo nyingine, yenye pesa yake, ilikuwa ni Februari ya sitini.

Jua lilikuwa bado liko juu. Hotelini walikuwa wanapiga kengele ya chakula cha mchana. Odhiambo hakuwa amelala usiku mzima wa safari, akajinyoosha na nguo zake, na Awiti akalala kando yake, akaanza kumwuliza.

"Ni mrefu?"

"Ananifika hapa."

"Meno?"

"Mawili ya mbele yameng'oka, mapya yanaota."

"Kucheka anacheka?"

"Anacheka. Na anaimba kama wewe, lakini kwa chini."

"Nywele nani anamnyoa?"

"Jirani. Dani hawezi sasa."

"Kuni anabeba?"

"Kidogo kidogo."

"Akila, anaanza na samaki au na ugali?"

Odhiambo alikuwa amekwisha kulala. Awiti akangoja jibu. Akayarudia yale aliyojibiwa, moja moja, toka mwanzo: urefu, meno, kucheka, wimbo. Alipofika kwenye nywele hakuweza kuendelea, akageukia ukuta, na baada ya muda mrefu, kengele ikiwa imenyamaza na watu wakiwa wamerudi kazini, naye akalala.