Mume wa Jumapili

Mume wangu ana miaka saba na meno mawili ya mbele hana. Anaishi Ohio, Marekani, na kila Jumapili saa kumi alasiri, wakati kwao ndiyo kwanza saa tatu asubuhi, hunipigia simu ya video tukasalimiana na kugombana.

Kabla hujaniita mwehu: ni mjukuu wangu. Hapa Tabora jambo hilo halina haja ya kuelezwa. Mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, ndio utani tuliozaliwa tukaukuta. Huyu wangu tena ana haki zote, maana amebeba jina la marehemu babu yake, Mfaume, fundi cherehani, aliyefariki mwaka mmoja kabla mtoto hajazaliwa.

Marehemu alikuwa akishona kanzu na kofia, anapanda nazo treni ya Kigoma, anashuka Urambo, anafika mpaka Kaliua, anauza, kisha anarudi na mchele. Mji huu umezoea wanaume wa safari, na wanawake wake tumezoea kungoja. Lakini akitokea mlangoni simwambii karibu. Nasimama pale nikishika kiuno, namuuliza, "Mume wangu, umeniletea nini?" Naye na gunia begani anajibu, "Sijaleta kitu, nimekuja kula." Miaka thelathini na minane tulirudia maneno hayo na hayakuchakaa.

Kwa hiyo mtoto alipoanza kusema, nilimuuliza swali lilelile. Kiswahili chake chote kimetoka humo. Siku za wiki hazijui, lakini ukimtajia vipimo vya mchele, kibaba, pishi, gunia, anavijua.

Mama yake, binti yangu Najiat, alikwenda Uingereza kusomea uuguzi. Akaolewa hukohuko na Nasri, kijana wa Kanyenye, wa mtaa wa tatu kutoka kwetu. Yaani wamesafiri nusu ya dunia ili wakaoane majirani. Wakapata pasi za Uingereza, wakamzaa Mfaume, na miaka minne iliyopita kazi ya Nasri ikawahamishia Ohio. Sasa niambie hao ni watu wa wapi. Uingereza waliitwa Waafrika. Ohio majirani wanasema "wale Waingereza", kwa matamshi yao na kwa chai yao ya maziwa. Wakija Tabora, watoto wa mtaani wanapiga kelele, "Wamarekani hao!" Na mtoto naye anamsahihisha mama yake Kiingereza. Najiat alihangaika miaka kumi na lugha ya watu mpaka ikamkaa mdomoni, leo mwanawe anamwambia hivyo sivyo inavyosemwa. Aliponisimulia hilo alikuwa anacheka, ila mimi ndiye niliyemzaa, nikajua kwamba linamuuma.

Mimi kwa upande wangu nina nyumba ya vyumba sita na sufuria dogo. Kupika kwa ajili ya mtu mmoja kunamfedhehesha mpishi. Ukitia chumvi kidogo umezidisha. Nina jirani, Mwanajuma, ambaye huja asubuhi kuniuliza kama nimeamka, nami humwambia bado. Nina cherehani ya marehemu chini ya kitambaa, ambayo kila Ramadhani naifunua kumshonea mtoto kanzu kwa vipimo vya kukisia. Na nilikuwa na Jumapili.

"Mume wangu, umeniletea nini?"

"Sijaleta kitu, nimekuja kula!" Matamshi yake ya Kimarekani yanayaburuta maneno kama mtu anayevuta kiti.

"Ule nini, na mchele umekwisha? Unaniacha na njaa, unajua nina mume mmoja tu?"

"Nitaleta kesho."

"Kesho yako haina tarehe. Nipe talaka yangu niende kwetu!"

"Sikuachi!" Hapo anaruka juu ya kiti, mapengo yote nje. "Sikuachi, sikuachi!"

Neno hilo lilinitosha kwa wiki nzima, na sioni aibu kulisema.

Siku moja alitaka kujua talaka ni nini hasa. Nikamwambia ni barua. Mwanamume wa maana hamwachi mke kwa makelele. Anaandika, anasoma mbele ya watu, na anaandika moja. Moja hurejewa. Mke anakaa eda, miezi mitatu, na katika miezi hiyo mume akibadili moyo anamrejea, ndoa yao inaendelea kama kawaida. Ila akiandika tatu, mlango umefungwa.

"Moja," akasema, akiinua kidole kimoja.

"Moja, mume wangu. Ukikosa akili ukaandika tatu, nitakuja hukohuko nikuchape."

Najiat, aliyekuwa nyuma yake akikaanga mayai, alicheka mpaka akageuza uso. Basi, nyumba yao ilikuwa na furaha namna hiyo.

Mwezi wa nne, Jumatano, simu ikaita saa tisa alasiri. Najiat hapigi Jumatano.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama. Kaa chini kwanza."

Nikakaa. Akaniambia kwamba shuleni watoto walitakiwa kuchora familia zao. Mfaume akanichora mimi, na ushungi wangu, na sufuria. Mwalimu akamuuliza huyu ni nani, naye akajibu bila wasiwasi: huyu mke wangu, yuko Afrika, ni mzee, na mimi ndiye ninayempelekea mchele.

Nilicheka. Nilicheka nikashika ukuta. Kisha nikasikia kwamba ninacheka peke yangu.

"Mwalimu alipeleka taarifa ofisini," Najiat akasema. "Jana amekuja mama mmoja wa ustawi wa watoto, na faili. Anauliza kama tumemuozesha mtoto."

"Aozwe nani? Mimi? Mwenye magoti haya?"

"Mama, si mzaha."

"Ulimweleza kwamba ni utani?"

"Nilimweleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyoandika. Akaniuliza niliolewa na miaka mingapi, nikamwambia ishirini na sita. Akaniuliza wewe je. Nikamwambia kumi na tisa. Akaandika kwa muda mrefu sana, Mama."

"Kumi na tisa na nusu," nikasema.

Hakucheka. Akaniambia karatasi zao za ukaazi bado ziko kwenye foleni, kwamba faili la mtoto likiendelea kuwa wazi litawafuata kila ofisi, na kwamba usiku uliopita Nasri hakulala. Yule mama ameomba Jumapili aje, akae nao, aone bibi na mjukuu wanavyozungumza. Akiridhika, atafunga faili.

"Tumeshamwambia Mfaume aache," akasema. "Tumemwambia amalize jambo hili vizuri, akuite Bibi. Na wewe, Mama, nakuomba, umwite mjukuu wangu. Usimuulize mchele."

Hapo hasira ikanipanda, na hasira yangu haina breki. Nikamwambia amekwenda kuwa Mwingereza kwenye nchi ya Wamarekani, na katikati ya hao wote ameogopa kuwa binti yangu. Nikamwambia mume wa kwanza kachukuliwa na Mungu, sikumgombeza Mungu, lakini huyu wa pili anachukuliwa na mwanamke mwenye faili, na mwanangu ndiye anayemfungulia mlango.

Najiat alilia taratibu, kama anavyolia tangu utotoni, na mimi nilikuwa mbali mno kumfuta. Mwishowe nikamwambia nitafanya.

Siku tatu zile nilijizoeza. Nilisimama mbele ya cherehani nikasema, mjukuu wangu, hujambo. Mjukuu wangu, shule vipi. Maneno hayo hayana kosa lolote. Kila bibi duniani anayasema. Lakini kila nilipoyasema nilijisikia kama mgeni aliyekuja kuomba tenda. Nilimweleza Mwanajuma, naye akaguna, akasema, "Wenzetu huko wana akili nyingi mpaka wanaumwa." Kisha akaenda zake kwa wajukuu zake, ambao wako sita na wote anawaita waume zake, na anawachapa.

Jumapili nilivaa gauni la Idi. Saa kumi simu ikaita.

Walikuwa wamekaa wanne kwenye kochi moja. Yule mama alikuwa kijana kuliko nilivyotaka, mwembamba, na alinitabasamia kwa adabu. Nilijiandaa kumchukia sana lakini nikakuta chuki haitoshi. Nasri akatafsiri kwamba anasema nina nyumba nzuri. Nikasema ahsante.

Mfaume alikaa katikati, amevaa kanzu niliyomshonea Ramadhani iliyopita. Mikono ilikuwa imeshamfupia.

"Shikamoo, Bibi," akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Shule vipi?"

"Nzuri."

"Kuna baridi huko?"

"Kidogo."

Tukafika mwisho. Miaka yote ile hatujawahi kukosa la kusema, na siku ile tulitazamana kama watu wawili waliokutana benki. Nilimwona anatafuna mdomo. Yule mama alikuwa ameshika kalamu lakini haandiki. Nilifikiri, basi, ndio hivyo, tumeshinda, na moyo ukaniuma kwa ushindi huo.

Ndipo mtoto alipotia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nini hiyo?" Najiat akauliza.

"Barua," akasema, akasimama.

Hakuna aliyemfundisha. Baba na mama walimwambia tu amalize jambo hili vizuri, na yeye alijua njia moja tu ambayo mwanamume wa maana humaliza jambo kama hilo, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia. Akasoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno:

"Mimi Mfaume nimekuacha wewe Bibi Kuluthumu. Talaka moja. Hukufanya kosa. Mchele, mama atatuma."

Akaikunja tena mara nne.

Yule mama akauliza mtoto amesoma nini. Nasri akajibu kwa Kiingereza. Najiat aliniambia baadaye kwamba alisema, mtoto anamwambia bibi yake kuwa yeye si mume wake tena. Yule mama akafurahi kweli. Akamshika bega Mfaume, akamwambia amefanya vizuri, akaandika mistari miwili na kufunga faili palepale. Najiat aliinuka haraka, uso ameugeuza, kama mtu aliyesikia maziwa yanamwagika jikoni.

Nilitaka kupiga kelele kwamba sikubali, kwamba kwetu mke haachwi mbele ya karani. Lakini faili lilikuwa limefungwa, na mtoto alikuwa bado amesimama akinitazama, akingoja kujua kama ameifanya sawasawa.

"Nimeipokea," nikamwambia. "Ahsante kwa heshima yako. Umeandika vizuri."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha, wakati Nasri anasogeza mkono kukata simu, akainua kidole kimoja kifuani. Yule mama alidhani anaomba ruhusa ya kusema kama darasani, akamgeukia kumsikiliza. Mtoto hakumgeukia. Alikuwa ananitazama mimi, na kidole kilikuwa kimoja.

Kesho yake Mwanajuma alikuja kuniuliza kama nimeamka. Nikamwambia niko edani. Akaketi, nikamsimulia yote.

Sasa ni mwezi wa sita. Jumapili bado wananipigia: shikamoo Bibi, marahaba mjukuu wangu, shule nzuri. Meno yanaanza kuota. Najiat alinitumia gunia la mchele kupitia kwa mtu wa dukani, mchele mzuri wa Ulyankulu, na mpaka leo liko sebuleni limeshonwa mdomo. Sijalifungua. Nakula ugali.

Najiat anasema faili limefungwa kabisa na hakuna anayekuja tena. Nami namwitikia, alhamdulillahi. Lakini mtoto simkumbushi, kwa sababu kurejea ni haki ya mume, mke haombi, na hilo nalo nilimfundisha mimi mwenyewe. Eda yangu inaisha mwezi wa saba, tarehe ishirini. Ninahesabu kwa mkaa ukutani nyuma ya cherehani. Naogopa sana, maana miezi mitatu kwangu mimi ni kitu kidogo, ila kwa mtoto wa miaka saba, huko aliko, ni muda wa kutosha kuisahau lugha yote.