Theluji Nyeusi ya Etna

Tanuri la Cirino liliharibika siku ya Jumanne, na hiyo ndiyo sababu pekee iliyompandisha Etna, mlima wa volkano. Tangu waoane, mkewe alikuwa akimbembeleza akaione theluji ya juu, naye akimjibu kwamba theluji ikimtaka itamfuata dukani. Venera alikuwa mwongozaji wa wapanda mlima, binti wa mwongozaji na dada wa mwongozaji. Cirino alikuwa mwokaji mikate wa Linguaglossa, mji ulio chini ya mlima, mwenye kitambi kinachotangaza biashara yake. Asubuhi hiyo Venera alikwenda kupima hali ya theluji kabla ya kuwapeleka wageni wa Jumamosi, na mume akakosa kisingizio.

Walipanda vizuri mpaka walipoipita misitu. Huko juu upepo ulikuwa umeikausha theluji ikawa ganda gumu, na ski, mbao zao za kutelezea, zilikwaruza badala ya kuteleza. Venera hakuipenda hali ile, akasema wageuze. Walipogeuza tu, ukungu ukawafunika. Ukungu wa Etna hauna hodi.

Cirino alianguka kwenye kona ya pili. Goti likajipinda, akakaa chini akilishika kwa mikono miwili, akimtukana fundi wa tanuri.

Venera alitazama huku na huku asione hata ncha za ski zake. Simu ilikuwa imezimika kwa baridi. Dira aliitoa kwa mazoea tu, maana mawe ya mlima ule yamejaa chuma na sindano huzunguka kama mlevi. Akainama kumfungua mumewe ski, na hapo ndipo alipoona kwamba theluji waliyokuwa juu yake ilikuwa nyeusi.

"Tumeenda mashariki mno," alisema.

Mtoto yeyote wa huko angesema hivyo hivyo. Upepo wa Etna hutoka magharibi. Mlima ukitema majivu, yanaangukia mashariki, na theluji ya mashariki inakuwa nyeusi. Nawe ukizidi kwenda mashariki unafika ukingo wa Bonde la Ng'ombe, ambako mlima unakatika ghafla na chini kabisa ni mawe. Mgeni asingewaza lolote juu ya weusi ule, na siku hiyo ujinga wake ungemfaa kuliko elimu ya Venera.

Alitoa redio ya mkononi akamwita Filadelfo, mdogo wake, aliyekuwa zamu kwenye kituo cha ski chini.

"Fila, Cirino kaumia goti. Lete machela."

"Shemeji kaanguka? Mwambie mlima si unga, haukandiki."

"Acha utani, hapa sioni hata mkono wangu. Tuko upande wa mashariki, kwenye weusi, hatua chache kabla ya ukingo. Njoo moja kwa moja. Mimi niko kati yako na ukingo, kwa hiyo usisimame mpaka usikie filimbi yangu."

"Sawa, dada."

Hakuuliza mara ya pili. Katika nyumba yao hawakulelewa kuuliza. Baba yao aliwafunza kwamba aliye juu ndiye mwenye macho, na anayemfuata anafuata tu.

Venera akapuliza filimbi, akasikiliza, akapuliza tena. Kimya. Kadiri alivyongoja, ndivyo mambo yalivyozidi kumchanganya. Alikuwa ameelekea upande aliodhani ni wa ukingo, lakini upepo ulimpiga shavu la kulia, na kama kweli alikuwa mashariki ungepaswa kumpiga mgongoni. Akajiambia upepo umegeuka. Harufu ya kiberiti, ile inayofuka kileleni, ilitoka mahali alipodhani ni bondeni, na bonde halitoi kiberiti. Akajiambia ukungu unaizungusha harufu. Hata mteremko chini ya miguu yake uliinamia upande asioutarajia. Kila alipopata jibu, swali lingine lilikuwa limeshakaa. Aliogopa, na hakujua hasa anaogopa nini.

"Majivu haya yananiandama," Cirino alisema, akipangusa suruali. "Alfajiri mama kanipigia, analia kwamba shuka zake zote zimekuwa nyeusi kwenye roshani."

"Mama yupi?"

"Nina mama wangapi? Mama wa Randazzo."

Randazzo iko kaskazini mwa mlima.

"Usiku upepo ulitoka kusini?"

"Mimi nitajuaje? Najua shuka tu."

"Na mbona hukuniambia?"

"Tangu tuanze kupanda, kila nikifungua mdomo unaniambia nitunze pumzi. Nimeitunza."

Venera alichomoa beleshi dogo kwenye begi akaanza kuchimba. Mashariki majivu huanguka majira yote ya baridi, theluji juu ya majivu, majivu juu ya theluji, na ukiikata unaona matabaka kama ya keki. Alichimba mpaka shimo likammeza mkono hadi bega. Juu palikuwa na utando mmoja mweusi, mwembamba kama ukucha. Chini yake kote kulikuwa kweupe.

Walikuwa kaskazini, mahali penye mteremko mpole na salama, mbali na bonde. Kati ya Fila na ukingo hapakuwa na mtu.

"Fila," aliita kwenye redio. "Fila, simama."

Redio ilikoroma.

"Fila, unanisikia?"

"...filimbi siisikii, dada. Nimeshafika kwenye weusi. Naendelea."

"Simama hapo hapo. Nilikosea."

Neno hilo hakuwahi kumwambia, si utotoni, si mlimani. Lilitoka kwa sauti ndogo, hata yeye mwenyewe hakuitambua.

"Umefanyaje?"

"Nilikosea, Fila. Tuko kaskazini."

"Haiwezekani. Weusi si huu nimesimama juu yake? Dada, ukungu umekuingia kichwani. Nakuja."

"Huo ni weusi mwingine. Mimi sipo mbele yako."

"Ulisema uko kati yangu na ukingo."

"Nilisema, na si kweli. Mimi sina macho leo, mdogo wangu. Nakuomba usipige hata hatua moja."

Cirino alikuwa ameacha kulishika goti. Sasa aliushika mkono wa koti la mkewe.

"Haya," Fila alisema hatimaye, na utani ulikuwa umemtoka. "Nimesimama. Nifanyeje?"

"Nyoosha fimbo yako mbele. Ichome kwenye theluji, taratibu."

Wakangoja. Venera alisikia pumzi ya mdogo wake kwenye redio, fupi fupi, kisha haikusikika tena.

"Fila? Imeshika?"

"Imepita, dada," alisema kwa mnong'ono. "Chini hakuna kitu."