Hoteli ya Bwana Nisikusumbue

Ndoto hii si yangu. Aliyeiota ni Shamsa binti Mgaza, na alinisimulia mwenyewe tukichambua mchele, yeye upande mmoja wa sinia na mimi upande wa pili. Kwa hiyo mkikuta mahali chumvi imezidi, chumvi ni yangu, ndoto ni yake. Mwaka huo mama yake alikuwa ametangulia mbele ya haki, na hitima ya arobaini ilipangwa siku ya Ijumaa. Shamsa alishuka Pangani Alhamisi mchana akitokea Dodoma, shingo imemkakamaa kwa basi, na badala ya kwenda nyumbani kwa marehemu mama yake, anakoishi dada yake mkubwa Mwanakombo, akaenda moja kwa moja hotelini. Ndiyo, mmesikia vizuri. Mtoto wa mji, aliyezaliwa mitaa mitatu kutoka pale, akachukua chumba.

Hoteli yenyewe, nisiseme uongo, ilikuwa nzuri. Ni moja ya yale majumba ya kale yaliyojipanga kando ya mto, kuta zake nene hata mtu anakaa dirishani na kukunja miguu, limekarabatiwa kwa mkono wa mtu mwenye macho: vyumba tisa tu, boriti za mikoko darini, vitanda vya samadari vyenye shuka nyeupe zinazonukia asumini, na roshani ya mbao inayotazama maji yakipita taratibu na minazi ya kijiji cha Bweni upande wa pili. Shamsa alioga maji ya kutosha, akajinyoosha, akapumua. Kisha akampigia dada yake simu.

"Dada, shikamoo. Nimefika salama."

"Marahaba. Mbona sikuoni? Basi si limeingia tangu saa saba?"

"Nipo hoteli ya huku mtoni. Najua nyumba imejaa watu, nikaona nisikusumbue."

Shamsa alisikia mwiko ukikwangua sufuria, kisha mwiko ukasimama.

"Haya," alisema Mwanakombo. "Basi karibu Pangani. Hitima ni kesho baada ya sala ya Ijumaa. Wageni tunawatandikia mikeka barazani." Akakata.

Wageni! Kwa asiyejua mambo yetu hilo ni neno la kawaida, tena la heshima. Lakini kwetu, kulala hotelini wakati ndugu yako wa tumbo moja ana nyumba hapo hapo ni kuutangazia mji mzima kwamba mlango umefungwa, na watu watabaki kubishana nani kaufunga. Na Mwanakombo hakuwa dada wa jina tu. Ndiye aliyembeba Shamsa mgongoni mama yao alipokuwa shamba, yeye mwenyewe akiwa na miaka kumi na miwili. Tena Shamsa alikwisha chelewa mazishi. Alifika siku ya tatu, akalala usiku mmoja, akaondoka. Sasa alielewa alichokifanya: kesho ataingia nyumbani kwa mama yake kama mtu aliyealikwa, atakula, atashukuru, na akitoka hapo hatakuwa na kwao tena. Akalia mpaka mto wa kitandani ukalowa. Alasiri ilikuwa imeingia, na sisi tuliolelewa huku tunakatazwa kulala wakati huo, lakini uchovu hauna mwalimu. Usingizi ukamchukua na nguo zake.

Akaona amesimama katika ukumbi wa hoteli ile ile, ila sasa ukumbi ulikuwa hauna mwisho. Milango ya nakshi ilipangana kulia na kushoto mpaka macho yakachoka kuifuata, taa zikining'inia juu yake bila kamba, na kimya kilichokuwamo kilikuwa kizito hata akajisikia damu yake ikitembea masikioni. Mwanamume mrefu akamjia, kanzu yake haina kunyanzi hata moja, akainama kwa adabu. "Karibu, bibie," alisema, na sauti yake ilikuwa laini kupita kiasi. "Mimi ni Bwana Nisikusumbue, mwenye hoteli hii. Hapa hakuna atakayekuomba chumvi. Hakuna atakayebisha hodi. Ukicheka, hutamkera mtu; ukiumwa, utaumwa kwa utulivu. Chumba chako kilikwisha andaliwa siku nyingi." Akamkabidhi ufunguo wa shaba, nao ulikuwa baridi na mzito kuliko ukubwa wake. Shamsa akaona haya kuukataa, maana yule bwana alikuwa na heshima mno.

Wakatembea, na milango ikawa inafunguka yenyewe wanapopita. Ndani ya chumba cha kwanza alilala Starehe, mzuri ajabu, juu ya mito ya hariri, akipiga miayo. Alimtazama Shamsa akamwuliza kama anajua ni nani aliyekuwa akimsubiri, maana yeye amesahau. Katika cha pili alikaa Fahari, amevaa joho la harusi, shali begani, ameuelekea mlango ili apitaye amwone, na vumbi lilikuwa limemjaa mpaka kwenye kope. Katika cha tatu palikuwa na mwanamke mwembamba anayeitwa Kinyongo, anadarizi kwenye kitambaa kirefu maneno yote aliyowahi kuambiwa na watu, sindano inapanda inashuka. Akamwita Shamsa kwa kidole. "Njoo uone, lako nimelimaliza sasa hivi." Shamsa akainama, akasoma, na uzi ulikuwa bado mbichi: Wageni tunawatandikia mikeka barazani.

Hapo akatokea mwanamke mwenye kapu la shuka kichwani, kanga ameifunga kifuani, mikono imelowa hadi viwikoni, dobi wa nyumba ile. Huyu hakuinama wala hakunong'ona. Aliposimama karibu, taa zote zikaongezeka mwanga. "Naitwa Insafu, yaani uadilifu," alisema. "Nimefua shuka za wageni wa hapa miaka na miaka, kwa hiyo najua nani kalia na nani kajidai amelala. Weka ubishi wako pembeni, binti Mgaza, ufuatane nami. Yapo mambo ambayo ukisimuliwa utayakubali, lakini hutayaamini mpaka uyaone." Akasukuma mbao za dirisha kwa bega.

Subhanallah! Mto ulikuwa umepanda hadi kizingitini, umejaa pomoni, na ulikuwa ukipanda kutoka baharini kurudi milimani bila sauti, maji yake yakiangazwa kutoka chini. Insafu akatoa mguu, akakanyaga maji, maji yakamshika. Shamsa naye akakanyaga. Aliniambia ya kwamba chini ya nyayo zake alihisi mto unapumua, naye akaogopa kwa furaha, akawa hajui kama analia au anacheka. Wakavuka, na ng'ambo ya pili palisimama nyumba ambayo ukubwa wake sijui niueleze vipi, maana hata yeye alishindwa. Paa lake lilipotelea ndani ya nuru. Haikuwa na mlango popote. Upande mzima ulikuwa wazi, na watu wakiingia na kutoka kwa maelfu bila kubisha hodi, mwingine na mtoto, mwingine na kikombe kitupu, mwingine na macho yamevimba. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, na kila jiwe lilikuwa hai. Shamsa akaweka sikio ukutani akasikia, "Nishikie mtoto, narudi sasa hivi." Jiwe la pili likasema, "Hata kama umelala, nifungulie, nimeachika." La tatu lilikuwa sauti ya mtu mzima anayeona aibu: "Sina wa kunipeleka hospitali ila wewe." Mawe elfu na elfu, kila moja na ombi lake, na yote pamoja yalitoa mvumo unaopita mifupani. Shamsa akapiga magoti.

"Hii ni nyumba ya Udugu," alisema Insafu. "Wengi wanadhani inajengwa kwa zawadi na salamu za sikukuu. Hizo ni chokaa tu, zinapendeza juu. Ukuta wenyewe ni usumbufu. Mwenye shida huleta jiwe, anayesumbuliwa hulipachika, na wote wawili hulala chini ya paa lile lile. Ukimnyima mwenzako shida yako, umemnyima jiwe."

"Lakini Bwana Nisikusumbue ana adabu," alisema Shamsa. "Hajamtukana mtu."

"Ni kitindamimba wa Kiburi. Kaka zake wote wanajulikana sura, ukiwaona unafunga mlango. Huyu amefundishwa kuinama, ndiyo maana anaingia nyumba zote." Insafu akateremsha kapu. "Sasa geuka utazame."

Akageuka. Katika ukuta ule mkubwa palikuwa na pengo, na upepo ulipita hapo ukilia, na mawe ya pembeni yameanza kulegea. Ndani ya pengo alisimama msichana wa miaka kumi na miwili, bega moja amelikaza kwenye mawe ya juu, miguu inatetemeka, mgongoni kafungiwa mtoto mchanga aliyelala fofofo. Shamsa alimjua kabla hajamwona uso. Jasho lilimtiririka yule msichana mpaka shingoni, naye hakulifuta, maana angelifuta, ukuta ungemwangukia mtoto. Alimwona Shamsa mtu mzima, hakumtambua, akamwuliza kwa upole wa watoto waliolelewa vizuri, "Mama, shikamoo. Unahitaji nini nikusaidie?"

Jamani, swali jepesi kama hilo! Shamsa akafungua mdomo ajibu, na iliyotoka haikuwa sauti yake. Ilikuwa ile laini, ya yule bwana wa kanzu. "Hapana, mwanangu, nisikusumbue." Papo hapo jiwe likang'oka, likatumbukia mtoni, pengo likapanuka, na msichana akayumba. Ng'ambo ya maji Bwana Nisikusumbue alikuwa amesimama dirishani na taa mkononi, anaita, "Rudi, bibie, utamchosha mtoto wa watu bure. Chumba chako kinakungoja." Na ubaya ni kwamba aliita kwa upole wa kweli. Ufunguo wa shaba ukazidi uzito mpaka mkono wa Shamsa ukavutwa chini. Akautupa. Ulizama bila kuacha hata kiwimbi. Kisha akamkimbilia yule msichana, akajaribu kusema anachohitaji, na neno likawa linakwama kooni, linapanda linashuka, na mawe yanalegea moja baada ya jingine, na Insafu anapiga kelele, "Sema! Hata kama ni la aibu, sema!"

Akazinduka akiwa ameketi kitandani, mkono kooni. Jua lilikuwa limeshuka, ukuta wote umekuwa rangi ya chungwa, na mto nje ulikuwa mto wa siku zote. Na hapo ndipo maana ilipomjia, polepole, mpaka ikamjaa yote. Siku zote alikuwa akijiambia kwamba anamhurumia dada yake. Kumbe alikuwa anaogopa. Aliogopa nyumba isiyo na mama ndani yake, aliogopa kuulizwa kwa nini alichelewa mazishi, na zaidi aliogopa kuwa yeye, mwenye kazi yake na ofisi yake, atasimama mlangoni akiwa na shida kama mtoto. Hicho ndicho alichokipamba kwa adabu. Akafunga begi, akarudisha ufunguo mapokezi, akavuka mitaa mitatu kwa miguu, na majirani wote tukamwona, mimi nikiwa mmojawapo, maana nilikuwa uani kwa Mwanakombo tukimenya vitunguu vya pilau ya kesho.

Mwanakombo alipomwona hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. Aliagiza kiti, kile kizuri cha sebuleni, akakipangusa kwa kanga, akaleta sharubati ya ukwaju kwenye sinia, glasi imefunikwa kitambaa. "Karibu, mgeni. Kaa upumzike." Wanawake wote tukaacha kumenya. Shamsa hakukaa. Alitazama kile kiti, akatazama ile glasi.

"Dada," alisema, "nimerudisha ufunguo wa watu. Sina pa kulala."

Mwanakombo akaendelea kumnyoshea ile sinia.

"Na sijala tangu asubuhi," alisema Shamsa, sauti imeanza kukatika. "Na siwezi kukipita hicho chumba cha mama peke yangu, naogopa. Nishike mkono."

Mwanakombo aliitazama sinia aliyoishika, akaiweka chini, akaondoa kitambaa, akainua ile glasi ya mgeni na kuinywa yeye mwenyewe yote, mpaka tone la mwisho, akajifuta mdomo kwa pindo la kanga. Macho yake yalikuwa yamejaa.

"Tangu asubuhi!" alifoka, na ua zima likaruka. "Lijitu zima, linatoka Dodoma halijui hata kununua andazi njiani! Vua hayo maviatu yako, wali upo jikoni. Ukimaliza njoo umenye, na ole wako ukate vipande vikubwa."

Shamsa akavua viatu huku akilia kwa sauti, na dada yake akamshika mkono, wakapita chumba cha mama pamoja.