Likizo ya Mikono ya Eliudi

Ijumaa ile jioni Beatrisi alikuwa sakafuni anafungasha nguo za likizo. Kanga zake, shati jeupe la mumewe, kopo la mafuta ya nazi, na kodiani, aliyoiviringisha ndani ya shuka isiingie vumbi.

Kodiani ndiyo ilikuwa habari yenyewe. Eliudi alikuwa anaipiga Jumapili tu, tena kidogo, maana vidole vilikuwa vinauma. Kazi yake ilikuwa chumba cha brashi, pale shamba la mkonge upande wa Tanga, kuilisha mashine nyuzi zisuguliwe zing'ae. Sasa wamepata likizo, ya kwanza tangu waoane, na alikuwa kamwahidi mkewe: "Tukifika Ushongo nitakupigia kila siku, mpaka wewe mwenyewe useme basi." Beatrisi akawa hana lingine mdomoni. Bombani kodiani, kwenye foleni ya posho kodiani. Majirani walishachoka.

Eliudi akaingia, akasimama mlangoni.

"Mama, hebu nifungue vifungo."

"Kwani wewe huviwezi?"

Akanyoosha mikono. Iliishia pale watu wanapofungia saa. Pamefumbika vizuri, pakavu, kama mdomo wa mfuko uliokazwa kamba.

"Umeiacha wapi?"

"Brashi. Sadalla kasema likizo nimepewa, ila mikono haiwezi kuachiwa. Kuna meli Tanga inangoja mzigo."

Sadalla ndiye nyapara. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anafuata desturi ya shamba. Idarusi dereva alipokwenda kumzika baba yake aliacha mguu wa kulia, ule wa kukanyagia mafuta. Karani alikwenda harusini bila macho, akarudi anasifia pilau. Kilichomuudhi Beatrisi ni kutokuambiwa mapema.

"Ningejua nisingehangaika na hiyo shuka."

"Mimi nilidhani watachukua mgongo," akasema Eliudi.

Wakaenda hivyo hivyo. Lori mpaka Pangani, pantoni mpaka Bweni, halafu miguu mpaka Ushongo kwa Uweso na mkewe Chiku, waliokuwa wakiwaletea samaki wa ng'onda pale shambani. Uweso akatoa mkono asalimie, akatazama, akamshika Eliudi bega.

"Alaa, wamekuachia kichwa! Una bahati, bwana. Mwaka juzi tulikuwa na mgeni hapa, kichwa kakiacha ofisini."

"Mgeni mzuri yule," akasema Chiku. "Halalamikii chumvi."

Likizo ikaanza. Beatrisi alimlisha mumewe wali na changu, akamfunga vifungo, akamfuta jasho, akamkuna pua, maana pua yake ilikuwa inawasha kila wakija watu. "Kushoto. Chini kidogo. Hapo hapo." Kodiani ilikaa juu ya kitanda cha kamba kama mgeni ambaye hajakaribishwa.

"Shoga," akasema Chiku, "hiyo kodiani ulotujazia masikio kwayo, ndiyo hii bubu?"

Beatrisi akacheka. Halafu akaenda kuoga baharini peke yake, akakaa majini mpaka vidole vikakunjamana.

Jumapili asubuhi mikono ikaja. Brashi hufungwa Jumapili, na hakuna aliyekuwa ameikataza kutoka. Ilidandia lori, ikapanda pantoni, ikatokea ufukweni inatembelea vidole, imechoka. Chiku alidhani kaa, akashika ufagio.

"Iache shoga, ni ya mume wangu," akasema Beatrisi.

Watu wakakusanyika. Mikono ikapanda kitandani, ikaivua kodiani shuka. Eliudi akasogea. Beatrisi akakaa sawa, kanga kaifunga vizuri kama yuko kanisani. Vidole vikagusa vitufe, kodiani ikatoa mlio mmoja, kama mtu anayetaka kupiga chafya. Kisha vikaanza kutetemeka. Ngozi ilikuwa imechanika, na nyuzi za mkonge zimeingia chini ya kucha.

Beatrisi akaichukua, akaiweka mapajani. Akachomoa nyuzi, ukucha baada ya ukucha, akaipaka mafuta ya nazi. Mikono ikalala.

"Sasa ngoma je?" akauliza Uweso.

"Imelala."

"Si uiamshe kidogo tu?"

"Leo Jumapili," akasema Beatrisi, na hakuinuka pale mpaka alasiri, miguu yote imemfa ganzi. Mikono ikaamka yenyewe, ikamshika shavu, ikaondoka kuwahi kazi ya Jumatatu.

Likizo ilipokwisha Sadalla akamrudishia Eliudi mikono yake. Tena alikuwa na habari njema.

"Inakuja mashine mpya. Hiyo inajilisha yenyewe, inataka mtu wa kusimama na kuiangalia tu. Mwakani mikono iende likizo, wewe ubaki."

Eliudi akashukuru.

Basi mwaka uliofuata Beatrisi akaenda Ushongo na mikono ndani ya kikapu, kodiani kichwani. Safari hii mikono ilikuwa na nguvu. Iliichukua kodiani ikaishika hewani, usawa wa kifua cha mtu aliyekaa kigodani, ikapiga. Ikapiga kila siku, kama ilivyoahidiwa. Ushongo nzima ikahamia kwa Uweso. Chiku alicheza mpaka akapoteza kiatu.

"Na mwenyewe je?" watu wakauliza.

"Hajambo. Yuko kazini."

Siku ya mwisho, katikati ya wimbo, mkono wa kulia uliacha vitufe. Ukapanda juu, pale ambapo uso wa mtu ungekuwapo, ukafuta hewa kutoka kwenye paji mpaka kidevuni, polepole, ukajikung'uta. Mchanga ukalowa matone. Kisha ukakuna kidogo, kushoto, chini kidogo, ukarudi kwenye wimbo.

"Umekosea?" akauliza Chiku.

"Hapana," akasema Beatrisi. "Kule kwenye mashine kuna joto."

Wimbo ukaendelea. Watu walikuwa wanamngoja aseme basi, ndipo waondoke. Hakusema.