Donge la Gramu Ishirini

Jumatano asubuhi mjukuu wangu wa kike, ambaye ukoo mzima humwita Fundi, aliiweka spika tupu juu ya meza yangu ya chakula, bila kasha wala kifuniko, akaiinua kwa vipande viwili vya mbao ili ipumue kwa nyuma. Ilikuwa na upana wa sinia. Nilikiokoa kitambaa changu cha kufuma, nikaketi kusimamia.

"Kwa nini usichonge boksi tu ukaitia ndani?"

"Bibi, wewe humshonea mtu nguo bila kumpima?"

Nikasogeza kiti karibu na meza.

Shangazi yake, kitinda mimba wangu, alikuwa anaolewa Jumamosi, na Fundi alikuwa ameahidi muziki. Alikuwa na nusu ubao wa plaiwudi, basi. Nami, katika kikao cha ukoo, nilikuwa nimesimama nikatamka: "Chochote kitakachompungukia, na akichukue kwangu." Walinipigia makofi. Makofi hulevya.

Alichomeka nyaya, akaziunganisha na kompyuta, na mlio ukaanza chini kabisa, mfano wa ng'ombe anayeguna nyuma ya ukuta, ukapanda taratibu. Ulipofika mahali fulani, koni ya karatasi ya spika ilitetemeka kwa furaha, kisha ikatulia.

"Umeona? Hapo ndipo penye sauti yake ya asili. Sasa nikiibandikia uzito ninaoujua, sauti hiyo itashuka. Nikijua imeshuka kiasi gani, nitajua koni ina uzito gani, inanesa vipi, na boksi liwe kubwa kiasi gani."

"Uzito wa kitu gani?"

"Chochote kinachonata."

Unga haujapata kukosekana nyumbani kwangu. Nilikanda bakuli zima, nikakata donge, nikalipima kwa mizani ya jikoni: gramu ishirini, si chembe zaidi. Fundi alilisokota likawa uzi, akalizungusha juu ya koni kama pete, kisha akatoka kwenda kutafuta rula.

Nikabaki na ile pete. Ncha zake hazikukutana. Mimi sikulelewa kuacha kitu upogo. Nilichota unga kidogo bakulini, nikaziba pengo. Hapo upande wa pili ukaonekana umekonda, nikaunenepesha. Kumbe wa kwanza nao ukabaki nyuma! Fundi aliporudi, pete ilikuwa mviringo usio na kasoro.

"Bibi, imekaa vizuri!"

"Kazi ni kazi," nilijibu kwa unyenyekevu.

Mlio ukapanda tena. Fundi aliandika tarakimu, akazitazama, akafuta miwani, akazitazama upya.

"Lita mia moja na hamsini."

"Ni nyingi?"

"Bibi, hilo si boksi, ni pipa la maji! Huu ubao hautoshi hata kidogo."

Macho yake yalitoka mezani, yakavuka sebule, yakaingia chumbani mwangu bila hodi, yakatua juu ya kabati. Kabati hilo alilichonga marehemu mume wangu mwaka tuliooana.

"Mlango mmoja tu, mke mwenza," alisema kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. "Babu angekubali."

"Babu yako hakukubali hata vumbi liliguse!"

"Si ulisema chochote?"

Bibi harusi mwenyewe alitokea ukumbini, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. "Mama, uliapa mbele ya watu. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba neno likitoka halirudi."

Fundi alikuwa tayari amepiga magoti mbele ya kabati, bisibisi mkononi. Skrubu ya kwanza ya bawaba ilitoka ikilia. Kati yangu na hasara kulikuwa na sentensi moja tu, ambayo haikuwahi kusikika katika nyumba ile. Skrubu ya pili ikaanza kuzunguka.

"Niliongeza," nikasema.

"Umeongeza nini, Bibi?"

"Unga."

Bisibisi ikasimama. "Kiasi gani?"

"Kidogo. Palikuwa na pengo."

Waliibandua pete, wakaiweka kwenye mizani. Gramu hamsini. Bibi harusi aliketi sakafuni.

"Mama amekosea! Nipeni kalamu, niandike tarehe!"

"Inuka, utachafua nguo."

"Amekosea, jamani! Niacheni nife nikiwa na furaha!"

Fundi alikuwa anacheka huku akipiga hesabu upya, machozi yakidondokea kompyuta. "Sitini! Lita sitini! Ubao unatosha na kipande kinabaki!" Akaniinua juu kama gunia la pamba, nami nikampiga makofi ya mgongo, lakini si kwa nguvu.

Ijumaa mchana boksi likakamilika, likawekwa chumbani mwangu ili lijaribiwe. Ngoma ya kwanza ilipogonga, nilihisi besi magotini kabla ya masikioni. Mlango wa kushoto wa kabati, uliosahauliwa na skrubu pungufu, ukafunguka wenyewe, ukaanza kuyumba kwa kufuata mapigo, bila kukosea hata moja.

Fundi akakimbilia bisibisi.

"Uache," nikamwambia. "Umesimama wima miaka arobaini."

Kisha nikavua viatu, maana haikuwa adabu kuuacha ucheze peke yake.