Walao Chungu Kimoja

Kwenye utafiti wetu, kaya ni watu wanaokula chungu kimoja, hata kama si ndugu. Norbert, msimamizi wetu, Mkongo wa Bukavu, alituimbisha sentensi hiyo siku tatu kabla ya kututuma Wembley mwaka 1998, kuwauliza Wahindi tabaka walilozaliwa nalo na kupima nani kati yao ni maskini.

Nilijiona fundi. Wenzangu walifungiwa milango. Mimi Elinaja, Mpare wa Same, nilipiga Kiswahili na wazee waliotoka Afrika Mashariki na chai ikaletwa.

Ndivyo nilivyompata Mama Lila, mjane, mzaliwa wa Tanga. Alipanga chumba cha juu kwa Balwinder, aliyetoka Punjab moja kwa moja na hajui hata "karibu". Miaka kumi na mmoja walikuwa wakipika pamoja: Balwinder anasukuma chapati, Lila anachoma, kisha wanakaa meza moja na Avtar, mume wa Balwinder. Balwinder akajibu kwa niaba ya wote: wao ni watu wa mashamba, na huyu dada yake, kwao ni wenye maduka. Nikaandika kaya moja, watu watatu, si maskini.

Kanuni ilitaka kila mtu mzima aulizwe pia peke yake. Kule juu Lila akarudia habari ya maduka, macho dirishani. Ningeishia hapo, lakini kiherehere changu!

"Mama, tuko wawili tu. Hii ni confidential, hakuna atakayejua."

Akageuka kutoka dirishani. "Baba yangu alikuwa anazoa ndoo za vyoo pale Tanga," akasema. "Babu yangu vilevile, huko India. Balwinder akijua, sitagusa sahani yake tena. Haitatoka, mwanangu?"

"Haitatoka, mama."

Akalia kidogo, akasema leo amepumua. Nikashuka ngazi kifua mbele.

Mdomo huponza kichwa, lakini wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Norbert aliona majibu ya nyumba moja hayafanani, akapiga simu kuhakiki. Balwinder akapokea, akasema yeye ndiye mwenye nyumba. Norbert akamwuliza, kwa adabu zote, kama kweli mpangaji wake ni wa ukoo wa wazoa vyoo.

Sikuambiwa. Niliporudi Januari kwa duru ya pili, Balwinder alinifungulia bila salamu, akanionyesha ngazi kwa kidevu. Jikoni meza ilikuwa ileile, viti viwili.

Juu, Lila alikuwa na jiko dogo la umeme juu ya kabati la nguo, sufuria moja na sahani moja. Dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya mvuke, baridi inaingia.

"Hakunifukuza," akasema. "Kasema tu nipike kwangu. Sahani nilizokuwa nalia chakula kazitupa. Walipiga simu, mwanangu. Walikuwa na fomu yako."

Nilitamani ardhi inimeze. "Nitaandika bado mnakula pamoja, mama."

"Itanisaidia nini? Andika unachokiona. Uongo niliusema mwenyewe miaka kumi na mmoja, na nilikuwa nakula vizuri."

Nikatoa fomu mpya: kaya ya mtu mmoja. Kanuni inataka nianze kwa kumsomea kwamba majibu yake ni siri. Nikairuka sentensi hiyo. Nikauliza kama anamudu nyama, kama anamudu joto la chumba, kuhusu mara ya mwisho kula na mtu mwingine. Peke yake na pensheni yake, Lila akaangukia chini ya mstari wa umaskini.

Ofisini Norbert aliisoma fomu akitabasamu.

"Unaona? Tabaka na umaskini vinaendaka pamoja. Kazi muzuri, dada."

"Sisi ndio tuliomtoa mezani, Norbert."

Alinisogezea kalamu, akanionyesha pa kutia sahihi, nami nikatia.