Pete Saba za Haramia

Mimi ni mwongoza watalii, na riziki yangu naipata kwa babu wa babu yake mama: haramia Bwana Pete, aliyepigilia pete saba za chuma kwenye mwamba wa baharini. Maji yakipwa, nawaambia wageni, aliwafunga mateka. Yakijaa, aliwatazama wakizama huku akinywa kahawa. Kahawa ni chumvi niliyoitia mwenyewe, ila ilisambaa mji mzima mpaka ikamfikia mama. Pete ya saba ndiyo ya chini kuliko zote, usawa wa kiuno cha aliyesimama kwenye ukingo wa jiwe. "Hii ya watoto," nasema, kisha nanyamaza kidogo, na wageni wanashika vifua.

Kwamba ni damu yangu sikuwahi kuwaambia. Mama hakuwa na pa kujificha. Shuleni hakuna aliyekaa naye dawati moja, na posa mbili zilivunjika kabla ya kumpata baba, ambaye alikuwa mgeni na hakujua lolote. Maisha yote ametembea ameinamisha macho, na mimi hilo liliniuma, lakini sikuacha kazi.

Wiki moja kabla ya kupasuliwa goti, alitaka nimpeleke mwambani akawaombe msamaha waliokufa. Nikamwambia, mama, ni goti tu, si moyo. Aliniangalia kidogo, nikaenda kumtafutia viatu.

Mwambani tunakwenda kwa miguu siku za bamvua, bahari inapotoka mbali kabisa na kuacha mchanga mtupu, na tunawahi kurudi. Kwa hiyo mji mzima unaujua mwamba ule ukiwa mkavu. Nani angengoja maji yajae pale, na hadithi tunaijua?

Mama alikwenda mwendo wa kobe. Aliomba dua kwenye kila pete, na kwenye ya saba akalia sana. Nilipogeuka, maji yalikuwa yameshakata njia. Miaka kumi na miwili ya kazi, na saa ya maji nimekuja kuisahau nikiwa na mama yangu mzazi.

Nilipiga simu bandarini. Boti isingefika kabla maji hayajajaa. Nikampandisha mama kwenye ukingo wa jiwe, penye pete, nikamfunga kiunoni kwa mtandio wake kwenye ile ya saba ili mawimbi yasimsombe. Mimi nikashika ya sita.

Maji yakafika vifundoni, kisha magotini. Wimbi moja lilimng'oa mama miguu yote miwili, mtandio ukamrudisha. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Tukangoja yafike kifuani.

Hayakufika. Yalisimama palepale magotini, yakatulia, halafu taratibu yakaanza kupungua. Na ile ilikuwa bamvua kubwa kuliko zote za mwaka, maji hayapandi kupita hapo.

Mama aliitazama pete ya watoto. Ilikuwa juu ya maji kwa zaidi ya shubiri moja.

"Hapa hajazama mtu," akasema.

Nikasema labda Bwana Pete alikuwa anawatisha mateka tu.

"Meli aliiba, hilo sikatai. Lakini wewe umenifunga hapa ili nife?"

Nikautazama ule mtandio uliomrudisha. Akaishika ile pete kwa mikono yote miwili.

"Tangu utotoni naomba msamaha kwa ajili yake," akasema. "Kumbe yeye ndiye wa kuombwa."

Akanigeukia, macho hayakuinama.

"Anza wewe. Na ile kahawa usiisahau."